Damu ya Mke wa Mwanangu

Sista aliniuliza swali moja tu, na mimi nikakosa jibu.

"Mzee, huyu msichana uso wake huwa hivi, ama umevimba?"

Tulikuwa ndani ya hema la dawa, kambini hapa Eldoret, zile wiki za vurugu baada ya kura. Nje kulikuwa na foleni ya watu wanaokohoa moshi. Aliyelala pale mbele ya sista alikuwa mke wa mwanangu, na mimba yake ilikuwa imefika mahali ambapo hata kipofu angeiona.

"Sijui," nikasema.

"Hujui vipi? Si umekuja naye?"

"Nimekuja naye."

"Mnaishi boma moja?"

"Boma moja."

"Sasa?"

Nikarudia kwamba sijui. Foleni yote ilisikia, kwa sababu hema halina mlango wa kufunga. Mama mmoja aliyekuwa amembeba mtoto akasema, bila hata kupunguza sauti, "Huyo mzee ni mlevi ama amemwokota huyo msichana barabarani?" Watu wakacheka. Walikuwa hawajacheka siku nyingi, na nikawa mimi ndiye wa kuchekwa.

Mimi si mlevi. Mimi ni mtu wa magharibi, kule chini karibu na ziwa. Nilikuja huku juu nikiwa kijana, shule nimeiacha darasa la tatu, nikachunga ng'ombe za watu pande za Soy mpaka nikawa dalali, halafu nikawa na ng'ombe zangu na nyumba yangu hapa mjini, mtaa wa Pioneer. Hakuna mtu aliyenishika mkono. Ng'ombe akiletwa sokoni, kabla mwenyewe hajafunga kamba, mimi nilikuwa nimeshajua kama ana mimba, kama titi moja limekufa, kama amelishwa chumvi asubuhi anywe maji aonekane mnene. Watu wenye digrii walikuwa wananitafuta niwachagulie. Macho yangu ndiyo yalinilisha. Lakini uso wa mke wa mwanangu sikuujua, kwa sababu sikuwa nimewahi kuutazama.

Kwetu baba mkwe hamtazami mke wa mwanawe usoni. Hamsalimii kwa mkono, hali naye meza moja, hampiti mlangoni. Hiyo si chuki. Ni heshima, nilizaliwa nikaikuta, na baba yangu alimfanyia bibi yangu, mama ya mwanangu, hivyo hivyo mpaka akazikwa. Mke wa mwanangu nilimjua kwa vitu vingine. Nilimjua kwa vile alivyokohoa kidogo kabla ya kukatiza uani. Niliijua mikono yake, inaweka chai kwenye stuli inarudi haraka kama imeungua. Na tukiwa na maneno, mwenye maneno aliuambia ukuta.

"Ukuta," nilikuwa nasema, "kuna mtu angenichemshia maji ya kuoga?"

Na ukuta unajibu kutoka upande wa jikoni, "Maji yako tayari kwa ndoo, Baba."

Bibi yangu alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. "Nyinyi wawili! Siku moja huo ukuta utawajibu wenyewe mkimbie."

Mwaka ule bibi yangu alienda kwao kabla ya Krismasi kumuuguza dada yake. Mwanangu alikuwa dereva wa lori, na vurugu ilimkuta upande wa Uganda, barabara zikafungwa. Kwa hivyo nyumbani tulibaki mimi, mke wa mwanangu, na ukuta. Halafu ukuta nao ukachomwa.

Siandiki habari ya waliouchoma. Nilikuwa ninawajua, na wengine bado tunasalimiana. Nitasema tu kwamba niliposikia wanakuja nilisimama uani nikasema kwa hewa, "Mtu aliye ndani atoke sasa hivi," naye akatoka, na tukatembea mimi mbele yeye nyuma, nami sikugeuka hata mara moja kuona kama anaweza kutembea. Nilikuwa nasikiliza ndala zake. Zikichelewa, nachelewa.

Kambini watu walipewa turubai kwa familia. Karani alituangalia akaandika familia moja, akatupa turubai moja. Mtu ambaye si wa kwetu hawezi kujua hiyo ilikuwa aibu ya namna gani. Nililala nje ya turubai, kichwa kwenye kisiki cha mti uliokatwa, na yeye ndani. Mchana nilikaa nikimpa mgongo. Akienda bombani kuchota maji nilikuwa namfuata kwa mbali, kwa sababu kulikuwa na vijana wabaya, na wanawake wa bombani wakaanza.

"Mzee, hongera! Umejipatia bibi mdogo na mimba juu!"

"Huyo ni mke wa mwanangu!"

"Eeh! Na mwanao yuko wapi?"

"Yuko safarini."

"Safari njema!" Wakagongana viganja, kicheko kikaenda mpaka kwenye foleni ya unga.

Toka siku hiyo sikumfuata tena. Nilikaa mbali zaidi. Tukaanza kuongea na turubai kama vile tulivyokuwa tunaongea na ukuta, ila turubai ni nyepesi, na kila neno majirani waliokota.

Siku moja mchana, jua kali, akasema, "Turubai, kichwa kinaniuma."

"Turubai," nikajibu, "ni huu moshi. Kila mtu kichwa kinamuuma."

Na ilikuwa kweli. Hapakuwa na mtu kambini ambaye kichwa hakikumuuma. Hapakuwa na mama mjamzito ambaye miguu haikuwa imevimba, kwa sababu wote walikuwa wametembea kwa miguu na wote walikuwa wanalala chini. Kesho yake akasema anaona nyota ndogo ndogo mbele ya macho, kama vimulimuli, na saa hizo ilikuwa saa sita ya mchana. Hapo ndipo nilisimama nikaenda hema la dawa, naye akanifuata.

Sista alimpima presha. Akaipima tena mkono wa pili, akakunja uso.

"Imepanda," akasema. "Lakini Mzee, tangu juzi sijampima mtu hapa ambaye presha yake imekaa chini. Hata yangu naogopa kuipima." Akatafuta kwenye boksi. Vijiti vya kupima mkojo vilikuwa vimeisha. Akaibonyeza miguu ya msichana kwa kidole. "Miguu imevimba, lakini nyinyi wote mmetembea. Kichwa kinauma, lakini nyinyi wote mmekula moshi. Kama ni presha ya mimba, uso pia huvimba. Ndiyo nakuuliza. Uso wake huwa hivi?"

Ndipo nikatazama. Mara ya kwanza. Niliona uso mpana, macho madogo yamekaa ndani, mdomo umekauka. Yeye akafumba macho kwa aibu, na machozi yakapita pembeni. Ningekuwa nimeuona hata siku moja kabla, hata siku ya harusi, ningekuwa na kitu cha kulinganisha. Mimi ambaye nilikuwa najua ng'ombe wa jirani akipungua kilo mbili.

"Sijui, Sista," nikasema.

Akampa vidonge, akamwambia alalie ubavu wa kushoto, arudi asubuhi, na kwamba angetafuta gari la kumpeleka hospitali kama njia ingefunguliwa. Sista hakukosa. Nyinyi mngefanya nini na mtu mmoja kati ya foleni ile?

Asubuhi, kabla hajaitwa, alianguka karibu na turubai akaanza kutetemeka mwili wote, meno yamejifunga. Ilikuwa kifafa cha mimba, lakini hilo jina nililisikia baadaye. Wale wanawake wa bombani ndio waliokuja mbio. Mmoja akanipigia kelele, "Mzee, mshike kichwa! Usisimame hapo kama mlingoti! Mshike!" Nikamshika. Nilimshika kichwa ndani ya lori la polisi kutoka kambini mpaka hospitali, mapajani mwangu, na mawe ya barabarani yakiturusha, na nguo yake ikipanda, na mimi nikiishusha kwa mkono mmoja.

Yeye alipona. Mtoto hakupona. Alikuwa msichana.

Njia zilipofunguka, bibi yangu akarudi, na mwanangu akarudi. Mwanangu hakuniuliza kitu. Alikaa na mkewe wodini, na alipotoka alinipa mkono akasema, "Asante, Baba." Ningependa angenitukana.

Baadaye wazee wa kwetu waliniita nyumbani, huko chini. Kumshika mke wa mwanao ni jambo, hata kama anakufa, na lazima lisafishwe. Wakakaa chini ya paa la mabati la kaka yangu mkubwa na kondoo amefungwa nje, nao wakataka kujua kila kitu.

"Ulimshika wapi?"

"Kichwa."

"Kichwa tu?"

"Na mabega."

"Lori linaruka, wewe umeshika kichwa na mabega tu?" akauliza mmoja, mzee mwenye jino moja, na wengine wakatazama chini wasicheke.

"Nilishika nguo yake isipande."

"Aha," akasema, kama mtu aliyepata alichokuwa anatafuta. "Hiyo ndiyo ya kondoo."

Kondoo akachinjwa. Wakasema sasa tumefunguliwa, tunaweza kusalimiana na hata kuongea kama watu. Lakini sisi hatukuweza. Tulirudi kwa ukuta. Nilikuwa nimejenga Kiplombe, kashamba kadogo na ng'ombe wachache, mwanangu na mkewe wakaja kuishi nasi, na ukuta mpya ukazoea maneno yetu kama ule wa zamani. Kitu kimoja tu hatukuuambia ukuta wala mtu yeyote. Yule mtoto. Hakuna aliyemtaja.

Miaka ikapita bila mimba. Watu wa kanisani waliomba, wengine walimpa mizizi, bibi yangu akamfukuza mama mmoja aliyekuja na chupa ya maji meusi. Halafu mwaka mmoja, nikiwa nakamua, nikasikia bibi yangu anaimba jikoni wimbo wa asubuhi mpaka akaurudia, nikajua bila kuambiwa kwamba mke wa mwanangu ana mimba.

Ilipokaribia miezi ya mwisho, kliniki ya karibu walisema presha yake inapanda inashuka na wakamwandikia aende hospitali kubwa mjini. Bibi yangu alikuwa na goti ambalo halikubali tena kupanda gari. Mwanangu alikuwa Juba na lori. Bibi yangu akanitazama.

"Hapana," nikasema.

"Hapana nini? Nimesema kitu?"

"Tafuta mama wa kanisa aende naye."

"Nimewatafuta. Wote wanapanda mahindi. Wewe unapanda nini leo?"

Basi tukaenda, mimi kiti cha mbele, yeye nyuma. Kwenye benchi la kliniki ya wajawazito nilikuwa mwanamume peke yangu mwenye mvi. Vijana wawili walikuwepo na wake zao, wanabonyeza simu. Mama mmoja akanisogezea nafasi: "Kaa Mzee, karibu kwa chama." Nikakaa. Nilikuwa nimevaa koti langu la mazishi, kwa sababu ndilo zuri.

Tulipoingia kwa daktari nikakuta ni msichana mdogo mwenye miwani, angeweza kuwa mjukuu wangu. Nilisimama mlangoni nitoke, akasema, "Hapana Mzee, keti. Nahitaji mtu wa nyumbani asikie." Nikakaa nikitazama picha iliyobandikwa ukutani, mwanamke ananyonyesha, nikaiacha hiyo nikatazama dirisha. Nilikuwa nangoja lile swali la uso. Nilikuwa nimeliota miaka. Nilikaa kama mtu anayengoja kuitwa mahakamani.

Daktari alimuuliza yeye.

"Mama, kichwa kinauma?"

"Hapana."

"Unaona nyota, ama vitu vinameremeta machoni?"

"Hapana."

"Maumivu hapa juu ya tumbo, chini ya mbavu?"

"Hapana."

"Mkojo je? Umepungua? Una povu?"

Nilisikia kiti chake kinalia. Daktari akaandika kitu. "Sawa. Kwa hivyo hakuna dalili."

Lakini dalili zilikuwepo. Nilizijua. Ukuta ulikuwa umenipitishia: juzi na jana alimwambia bibi yangu kichwa kinagonga kama mtu anapasua kuni ndani, na kwamba akiinama anaona cheche. Alikuwa anakataa kwa sababu mimi nimekaa pale. Ni mwanamke gani wa kwetu angetaja mkojo mbele ya baba mkwe? Daktari angetuachilia twende nyumbani, na heshima yetu ikiwa imekaa vizuri kabisa.

Nikafungua mdomo. Lakini nikimtazama daktari maneno hayatoki, na yule mwingine siwezi kumtazama. Kwa hivyo nikageukia ukuta wa hospitali, ule uliopakwa rangi ya kijani mpaka katikati, nikasema kwa nguvu:

"Ukuta! Kuna mtu jana alimwambia mama mkwe wake kwamba kichwa kinampasuka. Na anaona cheche."

Daktari akaweka kalamu chini. "Mzee, unaongea na nani?"

Masikio yangu yalikuwa yanawaka. Daktari akamtazama msichana, akanitazama mimi, nikaona anafikiria kama mimi pia nahitaji kitanda. Ndipo nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu kabla ya vurugu, mke wa mwanangu anacheka. Alicheka akiwa amefunika mdomo na leso, mabega yanaruka.

"Ni kweli, Daktari," akasema. "Kinauma. Na mkojo una povu. Mwambie Baba anisamehe, lakini ni kweli."

"Mwambie mwenyewe, si yuko hapa?"

"Sisi hatuambiani," akasema.

Daktari alivua miwani akaipangusa. "Haya. Nyinyi nitawaelewa siku nyingine." Akapima presha tena, akapima mkojo kwa kijiti. Akasema presha imepanda lakini si ya kutisha, kijiti kimebadilika rangi kidogo tu, na kichwa kinaweza kuuma kwa mambo mia. "Inaweza kuwa mimba inamchosha tu. Inaweza kuwa ile presha mbaya, na alishaipata mara ya kwanza. Sitaki kubahatisha. Tutachukua damu."

Mimi damu siipendi. Kwetu damu ya mtu haichezewi, na mjini kuna maneno mengi juu ya damu za hospitali. Nikasema, "Damu itasema nini ambacho macho hayawezi kuona?"

Alifikiri nabishana. Lakini kwangu lilikuwa swali la kweli.

"Mzee ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Ng'ombe."

"Basi kondo la nyuma unalijua."

"Nalijua. Ng'ombe akizaa likikataa kutoka, mimi ndiye nilikuwa naitwa."

"Vizuri. Kondo likiwa na afya linamwaga kitu kwenye damu ya mama, kitu cha kusaidia mishipa ikae wazi. Likianza kukosa pumzi, hicho kinapungua, na linamwaga kingine kinachokizuia kile kizuri. Mishipa inabana. Presha inapanda, figo zinaumia, kichwa kinauma. Sasa kuna mashine ya kupima vyote viwili. Tunaangalia kipi kimemzidi mwenzake. Kile kibaya hupanda hata kabla mama hajajijua ni mgonjwa."

Nikasema, "Na uso?"

"Uso gani?"

"Kuvimba uso."

"Aa. Uso unaweza kuvimba na mtu asiwe na shida. Na unaweza kukaa vile vile na mama yuko hatarini. Tunauangalia, Mzee, lakini hatuutegemei. Zamani watu walikuwa hawana kingine."

"Ile mashine," nikasema, "wakati wa vurugu ilikuwepo?"

"Hapa? Hapana. Hata huko ng'ambo ndiyo walikuwa wanaanza kuijaribu."

Mtu angefikiri nilifurahi. Sikufurahi. Nilikuwa nimeuliza maneno hayo mbele ya mke wa mwanangu, naye alijua nauliza habari ya nani. Miaka yote hiyo hatukumtaja yule mtoto, na sasa nilikuwa nimemtoa nje mchana, mbele ya mgeni, ili mimi nipate nafuu. Kile kiti kikalia tena. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Nilitazama viatu vyangu. Nilitamani nirudi kambini, pale angalau aibu yangu ilikuwa na moshi wa kuifunika.

Mke wa mwanangu alikunja mkono wa nguo mwenyewe. "Daktari, chukua," akasema. "Huyu nataka nimwone."

Damu ikachukuliwa, chupa ndogo, kidogo kuliko ile anayokunywa kupe. Tukangoja benchini. Mchana ule wanawake walinijua wote. Mmoja alikuwa akitoka ndani ananiuliza, "Mzee, bado hujajifungua?" na mwingine anamjibu, "Mzee ni wa operesheni, huyo!" Nilikaa nikicheka kidogo kwa meno, kama mtu anavyocheka akiwa anakanyagwa mguu. Mke wa mwanangu alikaa mwisho wa benchi lingine. Hakuna ukuta kati yetu, kwa hivyo hatukuongea.

Daktari alikuja mwenyewe. Hakutuita ndani. Alichuchumaa mbele ya yule msichana akamshika goti, na mimi nikajua, kwa sababu daktari wa mifugo pia akichuchumaa namna hiyo ujue habari si nzuri.

"Kile kibaya kimekizidi kizuri, na kimekizidi sana," akasema. "Kondo limeanza kushindwa. Huwezi kurudi nyumbani, Mama. Tunakulaza leo. Tutakupa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, tutakupa dawa ya kuzuia kifafa, na tutangoja siku tutakazoweza kungoja. Halafu tutamtoa."

"Bado ni mdogo," akasema.

"Ni mdogo. Lakini yuko, na wewe uko. Tumeijua mapema."

Walipokuwa wanamchukua kwenda wodini alisimama. Alikuwa amenipa mgongo. Akasema, bila kukohoa kwanza, bila ukuta, "Baba, usiende."

Nilikuwa nimefunga vifungo vya koti tayari. Nikafungua. Nikasema, "Siendi." Hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyomwambia yeye mwenyewe, na nilikuwa nimeishi naye miaka kiasi hicho.

Nilikaa hapo. Usiku nililala kwa mtu wa kwetu Pioneer, asubuhi nikarudi benchini na chupa ya uji ambayo bibi yangu aliituma na boda. Sista wa wodi alichoka kuniona. "Mzee, wewe ni mchungaji ama askari?" Kila siku walimpima. Kila siku mimi niliuliza kile kizuri na kile kibaya vimefikia wapi, mpaka wakaniambia hiyo ya damu ilishafanya kazi yake, sasa wanafuata presha na mtoto. Mwanangu alikuwa mpakani, simu inakatika. Nilimwambia, "Njoo polepole, barabara ni mbaya." Sikuweza kumwambia njoo haraka. Ningelia, naye angesikia.

Walimpeleka theata kupasuliwa asubuhi moja yenye ukungu. Wanawake wa benchi siku hiyo hawakunitania. Mmoja aliniwekea andazi mkononi, nikalishika mpaka likapoa. Sista alipotoka nilisimama.

"Mzee, kijana. Mdogo sana, lakini amelia. Mama yake yuko salama, anauliza kama upo."

"Nipo."

"Nimemwambia. Sasa lete nguo za mtoto."

Nikamtazama.

"Nguo, Mzee. Kofia, soksi, blanketi. Ziko wapi?"

Hatukuwa nazo. Hakuna mtu nyumbani kwetu aliyethubutu kununua nguo kabla, baada ya yale. Bibi yangu alikataza hata sindano ya kufumia isiletwe ndani. Sista akasema, "Ai, Mzee! Mtoto wa namna hii anataka joto. Kimbia."

Nikatoka mbio na koti la mazishi. Kwenye vibanda vya mitumba karibu na stendi nilijikuta katikati ya sidiria na magauni, nikipekua nguo kama mwizi, na mikono yangu hii iliyozoea kamba za ng'ombe. Mwenye kibanda, mama mnene aliyekaa juu ya marobota, alinitazama akaita wenzake.

"Njooni mwone! Mzee anamtafutia bibi chupi!"

"Natafuta za mtoto," nikasema.

"Wa miezi mingapi?"

"Wa leo."

"Wa leo, sawa. Mkubwa kiasi gani?"

Sikuwa nimemwona. Nilikuwa nimesikia tu kwamba ni mdogo. Lakini nilinyoosha mikono mbele ya wanawake wote, nikaiweka mbali kidogo, nikaisogeza, nikaisogeza tena.

"Hivyo?" akasema. "Mzee, hiyo ni nguo ya mdoli."

"Si mdoli," nikamwambia. "Amelia sasa hivi. Nipe mbili, na kofia, na uharakishe."